Neno lenye soma ndani yake

Baba mdogo alikuwa na kadi ya kazini aliyoihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya godoro, pamoja na stakabadhi za kodi na picha moja ya harusi. Karatasi yake ngumu ilikuwa imegeuka rangi ya majivu kwa jasho la mfukoni, na katikati kulikuwa na neno lililojaza mstari mzima: TRYPANOSOMIASIS. Nilikuwa P5, yaani darasa la tano, mwishoni mwa miaka ya 1980, na tulikuwa tukiishi katika kambi ya polisi mjini Tororo, mashariki mwa Uganda. Kiingereza cha kitabuni nilikimudu, lakini neno lile lilinikaba. Nikilianza, nafika "trypa", nameza mate, naruka katikati yote na kutua kwenye "sis".

Yeye alilitamka taratibu na kulimaliza, kama mtu anayetaja jina la mwanawe. Hakuwa amefika mbali shuleni. Kazi yake ilikuwa kutega mbung'o vichakani kwa mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi, kwa ajili ya watafiti wa malale, ugonjwa ule ule ulioandikwa kwenye kadi. Enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kabla haijavunjika mwaka 1977, Tororo ndipo yalipokuwa makao ya shirika la utafiti wa ugonjwa huo. Kwetu mashariki malale si hadithi. Mwanzoni mwa karne ya 20 iliua zaidi ya watu 200,000 kandokando ya Ziwa Viktoria, Busoga ikiumia kupita kiasi, na katika utoto wangu ilikuwa imerudi. Tuliwaona wagonjwa wakiletwa kwa baiskeli, mtu anasinzia na tonge mdomoni.

"Kuna soma humo ndani," aliniambia jioni moja. Akafunika herufi za mwanzo kwa kidole gumba cha mkono mmoja, na za mwisho kwa kidole cha mkono wa pili, ikabaki SOM. "A yake imemezwa na hiyo i inayofuata."

Nilidhani ni soma ya kusoma. Akasema hapana, watafiti walimweleza kuwa ni neno la Kigiriki, maana yake mwili. Na trypano ni keekee ya seremala, kwa sababu ukimtazama kwa hadubini yule mdudu anayeleta malale unamwona anasonga huku akijizungusha kama keekee inayotoboa ubao. Mwili wa keekee. Na iasis je? "Hiyo ni kusema ugonjwa." Basi, neno lililonikaba likawa vitu vitatu ambavyo hata mama sokoni angevielewa.

Aliniambia pia kwamba jina kamili la mdudu wetu lina mkia, brucei, na mkia huo ni jina la mtu: David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza aliyekuja Entebbe mwaka 1903 akaonyesha kwamba mbung'o ndiye anayemsambaza. Niliona ajabu kwamba neno linaweza kumbeba mtu mgongoni hivyo.

Shuleni hakuna aliyetufundisha kufungua maneno namna ile. Mwalimu aliandika neno ubaoni, akalisoma, nasi tukaliimba mara tatu. Aliyelishika alilishika. Nilijaribu kujifundisha mwenyewe, na nikaumia, kwa sababu nilikuwa nimeokota nusu ya elimu. Nilijua kwamba in mwanzoni mwa neno ni kukanusha: incorrect si sahihi, invisible haionekani. Kwenye barabara ya Malaba, mpakani na Kenya, malori ya mafuta yalisimama foleni ndefu, na matangi yake yaliandikwa INFLAMMABLE. Nikawaambia wenzangu kwa uhakika kabisa kwamba mafuta yale hayashiki moto. Afande mmoja alinisikia, akanishika mkono akaniondoa pale, akasema, "Mwanangu, hiyo maana yake linawaka, tena haraka." Ile in haikanushi kitu, inatoka kwenye kitenzi cha Kilatini cha kuwasha moto. Toka siku hiyo nikawa na adabu na vipande vya maneno. Kipande hakitoshi kufanana na kile unachokijua. Lazima uulize kimetoka wapi.

Miaka kumi baadaye nilikuwa mwanafunzi wa unesi, mwaka wa mwisho, zamu ya usiku, wodi ya wazazi. Simu ya mezani ililia karibu saa kumi za usiku. Daktari aliyekuwa ameitwa wodi nyingine alitoa maelekezo kuhusu mama mmoja aliyejifungua jioni. Aliongea upesi, nami nikaandika kwenye kitabu cha ripoti.

Asubuhi mkunga aliyepokea zamu alisoma kitabu, akasoma chati, akarudi kitabuni. "Neno na namba vinagombana," alisema. Chati ilionyesha presha ya 80 kwa 50. Kitabu, kwa mwandiko wangu, kilisema hypertension. Presha ya kupanda. Mama yule alikuwa amepoteza damu nyingi na presha yake ilikuwa ya kushuka, hypotension. Ndivyo daktari alivyosema kwenye simu. Lau zamu ingepokewa na mtu mwenye haraka, akaamini neno, akampa dawa ya kuteremsha presha. Sipendi kuimaliza sentensi hiyo hata leo. Alitundikiwa maji, akaongezewa damu, na wiki iliyofuata alikwenda nyumbani na mwanawe.

Sista aliyekuwa mwalimu wetu hakunigombeza mbele ya watu. Aliniita baada ya chai, akafunga mlango, akaanza kuongea nami kwa Kiswahili. Alikuwa Mteso, kabila la kwetu mashariki, binti wa askari kama mimi, lakini hatukuwa tumewahi kuongea Kiswahili pale chuoni. Wakati ule, hasa ukikaribia Kampala, Kiswahili kilihesabiwa kuwa lugha ya amri na ya wezi, na sisi watoto wa kambini tulijifunza kukiacha getini. (Mwaka 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipopitisha kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, nilimkumbuka yeye kwanza.)

"Ulisikia nini kwenye simu?" aliniuliza.

"Nilisikia hai, halafu nikasikia tenshen."

"Ndiyo. Hizo mbili ndizo anazozitamka kwa nguvu. Iliyo katikati anaipita tu."

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Katika hypertension mkazo mkuu uko kwenye TEN, na mkazo mdogo uko kwenye HY ya mwanzo. Silabi inayotofautisha presha ya kupanda na ya kushuka, ile per au po, iko katikati yao, haina mkazo, na Kiingereza kina desturi ya kuifinya silabi isiyo na mkazo mpaka irabu yake inakaribia kufutika. Kiswahili kinasema presha ya kupanda, presha ya kushuka, na tofauti inakaa mwishoni, neno zima, peupe. Kiingereza kimeweka tofauti ya uhai na kifo katika silabi dhaifu kuliko zote. Msikilizaji aliyelelewa na Kiswahili, ambacho hutamka kila irabu kikamilifu, hajui kwamba lazima ategee sikio mahali panaponong'ona.

Nilitembea korido ile jioni nzima nikirudia: haipa, haipo, haipa, haipo. Ndipo likanijia. Haipo! Hypo ni haipo. Sukari haipo, joto halipo, presha haipo. Na haipa ina paa ndani yake, kitu kinapaa. Najua kwamba sukari ikishuka si kwamba haipo kabisa, na najua Kiswahili kinatamka ha-I-po kwa silabi tatu ilhali Mwingereza ana mbili, hai-po. Lakini tangu jioni ile sijawahi kuzichanganya tena, na wanafunzi wote waliopitia mikononi mwangu nimewaachia hiyo. Hypoglycaemia: chini, tamu, damu. Sukari haipo damuni. Mgonjwa anatetemeka, anatokwa jasho, anachanganyikiwa, na wewe unajua utafute sukari wala hujafungua kitabu.

Sista hakuishia hapo. Kesho yake aliniambia nimtajie neno refu la Kiswahili, lolote. Lililokuwa karibu na mdomo wangu lilikuwa hawatatusomesha, kwa sababu mwaka ule baba alikuwa amestaafu na mimi na mdogo wangu tulikuwa tukihesabu ni ndugu gani wangetulipia karo na ni gani wasingelipa. Alilitazama kidogo, hakuuliza kitu, akaligeuza karatasi la chati ya joto na kuandika nyuma yake.

Ha-wa-ta-tu-som-esh-a. Ha ya kukana, wa ni wao, ta ni kesho, tu ni sisi, som ni mzizi, esh ni kusababisha, a ya kufungia. "Hiki ni kisu cha maana," alisema. Chini yake akaandika tena: ha-wa-ta-tu-so-me-sha. "Na hiki ni kisu cha mdomo. Angalia vinapoachana." Kuanzia kwenye mzizi. Kisu cha maana kinapita baada ya m, cha mdomo kinapita kabla yake. Sikuwa nimewahi kukata neno la Kiswahili kwa kufikiri, lakini visu vyote viwili vilikuwa mkononi mwangu tangu utotoni. Nilijua bila kuambiwa kwamba wasiponisomesha na hawatatusomesha ni ndugu. Kwa Kiingereza nilikuwa nimekubali kwamba neno refu ni jiwe.

Ndiyo maana nawaambia vijana kwamba sisi hatuanzi mikono mitupu. Mtu anayesema hawatatusomesha akiwa na miaka minne amekwisha kufanya kazi ambayo wengine huisomea. Anayeongea Luganda au Lusamia naye ni hivyo hivyo. Kinachotupoteza ni kutumia kisu kimoja mahali pa kingine. Chukua helikopta. Mdomo unasema he-li-cop-ter, na watu wengi wakitafuta maana hukata heli na kopta. Maana imekatwa pengine: helico, kitu kilichojipinda kama parafujo, na pter, bawa. Bawa la parafujo. Ile p ambayo mdomo umeiacha kwenye cop ndiyo inayoanza neno bawa. Ukikata muwa katikati ya pingili unapata mti uliopasuka. Ukikata kwenye fundo unapata pingili nzima.

Usiku ule nililiandika neno la baba mdogo na nikalihesabu. Trypanosomiasis, herufi 15, silabi saba: try-pan-o-so-mi-a-sis. Halafu, bila sababu, nikahesabu hawatatusomesha. Herufi 15, silabi saba. Nilihesabu mara tatu kwa ncha ya kalamu. Lile la kwanza nililiogopa tangu P5, la pili sikuwahi hata kuliona kuwa refu.

Mkazo ndio ulionichukua muda mrefu zaidi, na hapa Kiswahili kinatudekeza. Kwetu mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno yanayokwepa ni ya kuhesabu. Barabara ya magari ni baraBAra. Ukisema baRAbara umesema sawasawa, vizuri kabisa. Jozi kama hiyo kwetu ni nadra. Kwa Kiingereza mkazo unahama ndani ya ukoo mmoja wa maneno, na ukihama unabadilisha na sauti za irabu. FO-ta-graf ni picha. Kazi ya kupiga picha ni fa-TO-gra-fi. Kitu cha kipicha ni fo-ta-GRA-fik. Herufi zilizoandikwa mwanzoni ni zilezile, p-h-o-t-o, lakini o zake mbili zinabadilishana zamu ya kuwa na sauti. Ndiyo sababu mtoto anaweza kulijua photograph vizuri na bado asilisikie photography redioni.

Kinachosaidia ni kutazama mkia. Mkazo wa neno refu la Kiingereza mara nyingi unaamuliwa na kiambishi chake cha mwisho, kwa hiyo mimi husoma neno geni kwa kuanzia nyuma, kama mtu anayetafuta kichwa cha uzi. Likiishia na tion au sion, mkazo uko kwenye silabi iliyotangulia hapo hapo: injection, infection, hypertension. Likiishia na ic ni vivyo hivyo, ingawa kuna watoro kama Arabic na Catholic ambao mkazo wao uko mwanzoni. Maneno yetu ya wodini yenye itis, yaani uvimbe wenye moto, mkazo uko kwenye i ya kwanza ya itis: hepaTItis. Yenye osis, kwenye o: tubercuLOsis. Sasa tazama jambo linalonifurahisha kila ninapolifundisha. Katika hayo yote mkazo umeangukia silabi ya pili kutoka mwisho, palepale ambapo mdomo wa Mswahili ungeuweka wenyewe. Mwache mwanafunzi aliseme tuberculosis Kiswahili, na mkazo utakuwa sahihi.

Yanayotutoa jasho ni yale ya tatu kutoka mwisho. Yenye logy, graphy, ity, na meter ya vipimo: bi-O-lo-gy, ther-MO-me-ter. Yenye aemia pia, a-NAE-mi-a, ambayo ni bila na damu. Na yenye iasis, kama neno la baba mdogo, mkazo kwenye MI, tri-pa-no-so-MAI-a-sis. Hapa Mswahili ataupeleka mkazo silabi moja mbele, na hapa ndipo pa kumkalisha na kumrudisha mara ishirini. Kamusi nzuri inaonyesha: katika zile zilizozoeleka huku kwetu, kijistari kidogo cha wima juu kinakaa kabla ya silabi yenye mkazo mkuu, na kama kiko chini ni mkazo mdogo. Nilikuwa nimetumia kamusi miaka tisa bila mtu kuniambia vijistari vile ni vya nini.

Siku hizi jioni ninakaa barazani na binti wa mdogo wangu, yuko sekondari, mwaka wa pili. Tunaanza na mkono chini ya kidevu. Kila silabi inakifungua kinywa, kidevu kinagusa mkono, unahesabu. Kwa Kiingereza ni njia nzuri kuliko kuhesabu irabu zilizoandikwa, kwa sababu business imeandikwa irabu tatu na kidevu kinashuka mara mbili tu. Ni yeye aliyegundua kwamba kwenye mtoto kidevu kinashuka mara mbili ilhali silabi ni tatu, maana m inasimama yenyewe bila irabu. Nikamwambia Kiingereza nacho kinayo hiyo, aseme rhythm. Akasema. Silabi mbili, na ya pili karibu yote ni m. Alitabasamu kama mtu aliyekutana na jamaa yake stendi.

Wiki iliyopita alikuja na responsibility. Alilisoma re-SPON-si-bi-li-ty, mkazo ukiwa pale alipouzoea kwenye responsible. Sikumsahihisha, nilimwambia atazame mkia. Akaona ity, akarudi nyuma silabi moja, akasema re-spon-si-BI-li-ty, akasimama. "Lakini kwenye responsible hakuna bil, Shangazi. Kuna ble." Nikamweleza kwamba ible ikipokea ity inafunguka kuwa ibil, kama wa na ingi zinavyokutana zikawa wengi. Akaliandika mara nne, akaweka duara kwenye BI.

Baba mdogo hayupo tena. Kadi yake ninayo mimi, mfuko wa nailoni ni ule ule. Jumapili nilimpa binti aisome. Aliweka mkono chini ya kidevu akahesabu hadi saba, akatazama mkia, akaweka mkazo mahali pake. Halafu akafanya jambo ambalo sikumfundisha: alifunika herufi za mwanzo kwa kidole gumba, na za mwisho kwa kingine.

"Shangazi, ni som ya kwetu."

"Ni ya Kigiriki. Maana yake mwili."

"Najua. Lakini mdomo umeipasua pale pale. So-mi. Kama so-me-sha."

Nilichukua kadi, nikaisogeza kwenye taa. Miaka yote hii nilikuwa nimehesabu herufi na silabi, sikuwa nimeliona hilo. M ya soma imeondoka na i, kama m ya kusomesha inavyoondoka na e. Nilimwomba anipe kalamu.